Sura Niliyoichonga Bila Kuuliza

Ndugu yangu uliyekaa pale nyuma karibu na hita, sogea mbele kidogo. Sauti yangu si kubwa, na leo sina nia ya kupiga kelele. Nimeombwa nisimame niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka, na kanuni ya kikundi chetu mnaijua: hatutaji jina la mtu. Kwa hiyo mkinisikia nikisema "mwenye duka", msianze kunong'onezana ni nani. Mkimjua, mezeni.

Wengi mnanijua kama yule Mmakonde wa bohari, anayepakia maboksi hapa Hyattsville Jumatatu hadi Ijumaa. Wachache mnajua kwamba kazi yangu hasa ni kuchonga. Mjomba wangu, kaka yake mama, alinifundisha kule Newala nikiwa na miaka kumi na moja, maana kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu yako kuliko hata baba. Nikaenda kuchonga Mwenge, Dar es Salaam, miaka minane. Halafu nikaja huku na watu wa maonyesho. Maonyesho yakaisha, wenzangu wakarudi, mimi nikabaki. Sehemu hiyo siielezi zaidi. Nadhani humu ndani siko peke yangu.

Sasa, ili mnielewe, lazima niwaeleze jambo moja polepole. Sisi tuna vinyago vya kuuza, na hivyo mmeviona: watu waliopandiana kama mti, mama anatwanga, mzee anavuta kiko. Hivyo ni vya ulimwengu wote. Halafu kuna vinyago vya kuvaliwa kichwani, vinavyocheza wakati wa jando. Hivyo vina wenyewe. Mwanamke anaweza kukiona kikicheza, lakini hapaswi kukiona kikiwa kimelala, yaani hakijavaliwa. Hilo si siri, limeandikwa hata vitabuni. Mengine yaliyo nyuma ya hapo siyasemi, na dada zangu mlioko hapa mnisamehe. Si dharau. Mbele ya safari mtaona kwa nini nafunga mdomo.

Nilikuwa nauza kazi zangu kwa mtu mwenye duka la sanaa, upande wa Rockville. Mtu wa adabu, anakukaribisha kahawa. Akaniambia watu hawanunui mti, wananunua hadithi. Kila kinyago nikiwekee karatasi yenye maelezo. Nikaanza kutunga. Mama anayetwanga nikamfanya mungu wa mavuno. Mzee wa kiko nikamfanya mganga wa mvua. Ndugu zangu, nawaambia, uongo wa kwanza ulinitoa jasho, wa tano niliuandika nikiwa nasubiri basi.

Siku moja akaniuliza kama sina kitu cha ndani zaidi. Kitu ambacho, alisema, hakijawahi kutoka. Nami nikaenda nyumbani nikachonga uso wa kuvaliwa, wa jando la ukoo wa mjomba wangu. Nikauwekea chale zake zote shavuni, kama nilivyofundishwa, hakuna nilichobadilisha. Sikumuuliza mtu. Wiki iliyofuata uso ule ulikuwa dirishani mwa duka, umelala juu ya kitambaa cheupe, na akina mama wenye mifuko ya ununuzi wanapita wanauangalia.

Hapo ndipo nilipoanza kuugua ugonjwa ambao hauna daktari. Niliacha kumwamini mtu.

Mwenzangu wa chumba alikuwa ndugu kutoka Kongo, mpole, analala na kitabu cha nyimbo kifuani. Nilianza kuona vifaa vyangu vimesogezwa. Patasi niliyoiacha inatazama dirisha naikuta inatazama mlango. Nikaweka kufuli kwenye sanduku, halafu kufuli la pili. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, mie sikugusaka hata kimoja. Unafunga na kufuli mbili, ni mie mwizi?" Nikamjibu kwamba ni tabia yangu tu. Usiku huo sikula chakula alichoniwekea. Nilikinusa kwanza, kisha nikakimwaga.

Kuna ndugu Mkenya, anakaa Germantown, aliyekuwa ananipa lifti kuja hapa kila Jumapili. Nikaanza kujiuliza kwa nini mtu atoke Germantown aje Hyattsville kunichukua mimi bure. Nikahesabu maswali yake: nafanya kazi wapi, nimeingia lini, nina karatasi gani. Siku moja nikamwambia usoni kwamba ananipeleleza. Akasimamisha gari kando ya barabara, akanitazama. "Boss," akasema, "mimi nikitaka kukuchoma kwa imigresheni ningekuwa nimekuchoma kitambo. Wewe huwa unaongea kwa usingizi hata ukiwa macho." Nikashuka. Nikatembea hadi nyumbani. Na hapa kwenu sikuonekana tena miezi saba.

Na mkono nao ukakataa. Mwenye duka alikuwa ameagiza nyuso nyingine sita kama ile kwa ajili ya maonyesho yake makubwa. Niliuanza wa pili. Paji la uso likatoka, masikio yakatoka, lakini kila nikifika mdomoni tezo inateleza. Mti ulikuwa mwepesi, mzuri, hauna kosa. Kosa lilikuwa kwangu, na mimi nilikuwa nasema kuna mtu amenifanyia kitu. Mchongaji akipoteza mkono wake amebakiwa na maboksi ya bohari, na nilijua miaka yangu yote iliyobaki inaweza kuwa maboksi.

Nyumba moja ya sanaa kule Rockville ilikuwa imenipa meza ya kuchongea siku za Jumamosi. Ndipo nikaambiwa nitashiriki chumba na msanii mgeni kwa wiki sita. Nikaingia nikamkuta mama mmoja, umri wa kama miaka sitini, mweusi kama mimi, amekaa sakafuni na miguu ameinyoosha, turubai ya kuchorea imelala mbele yake kama mkeka. Alikuwa ametoka Australia, katika jangwa la katikati. Ni wa wale wenyeji wa asili, Waaborijini, waliokuwa kwenye ile nchi kabla Mzungu hajaifikia.

Alinisalimia akaniita mwanangu. Nikaitikia, huku nikijiuliza: kati ya vyumba vyote, kwa nini wamemweka katika hiki?

Niliichunguza kazi yake. Hakuwa na kiti wala mbao ya kusimamishia picha. Anakaa upande huu, anachora, kisha anaizunguka turubai na kukaa upande ule, kwa sababu picha ile haina juu wala chini. Ni ardhi, na ardhi unaweza kuijia kutoka popote. Alikuwa anachovya kijiti kwenye rangi na kuweka nukta, nukta, nukta, maelfu, na huku anaimba chini kwa chini kwa lugha yake. Nikamuuliza maana. Akanionyesha kwa kidole: duara hili ni kisima, alama hizi kama nusu ya bangili ni wanawake wamekaa, mistari hii ni njia yao. "Na hapa?" nikauliza, kwenye kona iliyofunikwa nukta nzito. Akasema hapo si pangu. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayekwambia mlango ule ni wa bafu.

Nikajisemea, huyu ni tapeli mwenzangu. Kwa sababu mimi nilikuwa natunga, nilidhani kila mtu anatunga. Na asiyesema nilimwona amezidi, kwamba amegundua kunyamaza kunauza kuliko kusema.

Kisha nikaanza kuona mengine. Alikuwa na daftari dogo, anaandika kitu kila baada ya muda akitazama upande wangu. Kila Jumamosi alitoa kadi ya simu, ile ya kukwangua, akaenda kwenye simu ya ukumbini na kuongea muda mrefu, na mara moja nilimwona ananitazama huku anacheka. Na mwenye duka alipokuja kuniulizia nyuso zake, alichuchumaa pembeni ya yule mama wakaongea karibu saa nzima. Wakaagana kwa kupeana mikono.

Basi nikajua. Ametumwa. Mwenye duka ameona nachelewa, ameleta mtu wa kunakili nyuso zangu ili azipeleke kwa wachongaji wengine. Anazichora kwenye daftari, anazisimulia kwenye simu. Msinicheke. Wakati ule lilikuwa na mantiki kuliko jambo lolote maishani mwangu.

Nikamtega. Nilichonga uso wa uongo, kipande kidogo, nikauwekea chale za ovyo, za ukoo usiokuwepo duniani. Nikauacha mezani nusu umefunikwa. Jumamosi iliyofuata, alipotoka kwenda jikoni, nikachukua daftari lake nikalifungua. Nilikuwa na hakika nitaziona chale zangu za uongo humo, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia.

Hapakuwa na uso hata mmoja. Kila ukurasa ulikuwa na mchoro mdogo wa sehemu ya turubai yake: kona hii, kisima kile. Pembeni ya kila mchoro kulikuwa na jina na nambari ya simu, kwa mwandiko wa kitoto. Majina mengine yamezungushiwa duara. Mengine yamepigwa mstari. Moja lilikuwa halina kitu.

Nikasikia mlango. Alikuwa amesimama na vikombe viwili vya chai.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

Nikamwambia nilidhani ni daftari langu.

"Lako nalo lina kangaruu kwenye jalada?"

Ndugu zangu, kuna wakati uongo unakuishia mdomoni kama maji ya chupa. Nilikaa sakafuni nikamweleza yote: mwenye duka, nyuso, simu, mtego. Yule mama akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sketi. "Nyuso zako?" akasema. "Hadithi za kwetu zenyewe siruhusiwi zote, nitazibeba wapi na nyuso zako? Mimi nilidhani unanikodolea macho kwa sababu unatafuta mke. Nikampigia dada yangu, akasema mwambie umeshaolewa."

"Kwa hiyo kweli mlikuwa mnanisema."

"Mara moja tu. Hukuwa na utamu wa kusemwa mara mbili."

Kisha akanipa kikombe changu, akanieleza daftari. Nami nawaeleza ninyi kama nilivyolielewa, na kama kuna nilichokosea, kosa ni langu. Alisema kwa watu wake, hadithi ya mahali hairithiwi na kila mtu. Yeye ile nchi ya kisima ameipata kwa baba yake, kwa hiyo ana haki ya kuichora. Lakini haki hiyo haitoshi. Lazima wawepo wengine, waliozaliwa na wanawake wa nchi hiyo, ambao kazi yao ni kuangalia mkono wa mchoraji: ameipatia? amezidisha? ameonyesha kisichoonyeshwa? Nyumbani watu hao hukaa naye pembeni ya turubai. Huku Marekani hayuko nao, kwa hiyo anawapigia simu, mmoja mmoja. Mjukuu wake alimwandikia nambari. Duara maana yake wamekubali. Mstari maana yake wamekataa, na sehemu hiyo anaifunika kwa nukta au anaiacha. Jina lisilo na kitu lilikuwa la mzee mmoja wao, anayemwita shangazi, ambaye bado anafikiri.

"Na yule mwenye duka?" nikauliza.

"Anataka kona ya shangazi. Nimemwambia shangazi hajasema. Akauliza atasema lini. Nikamwambia ana miaka themanini, hana haraka."

Saa nzima ile niliyoiona kwa macho yangu, saa ya njama, ilikuwa ya mwanamke kukataa kwa adabu.

Halafu akatazama meza yangu. Siyo ule uso wa mtego, la. Aliutazama ule wa pili, usio na mdomo, niliokuwa nimeufunga kwa taulo. Hakuugusa. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na huyo uliyemfunika, nani anaangalia mkono wako?"

"Hakuna," nikamjibu. Sikuwa na jina hata moja la kusema.

Akanywa chai yake. Hakunihubiria. Alisema tu, "Basi uko peke yako naye. Pole." Akarudi kwenye nukta zake.

Nilikuwa sijampigia mjomba wangu miaka miwili. Nilikuwa najidanganya kwamba simu ni ghali, kwamba mzee hana simu. Yote ni kweli, lakini si sababu. Nikampelekea salamu kupitia ofisi ya misheni kule Newala ili Jumamosi fulani, saa kumi jioni yao, saa mbili asubuhi yetu, awepo pale penye simu. Ulikuwa ule mwaka wa mvua za El Nino, barabara zimekatika. Jumamosi ya kwanza hakufika. Mnadhani niliwaza nini? Niliwaza wamemzuia. Hata wakati huo. Jumamosi ya pili nikasikia kikohozi chake.

Naye alinishuku kwanza. Akataka nimtajie jina la mbwa tuliyekuwa naye nilipokuwa mtoto, maana alisema siku hizi watu wanajifanya. Nikalitaja. Nikamwambia nilichofanya.

Akakohoa tena. Nilisikia mvua kwenye bati upande wa pili.

"Kimevaliwa au kimelala?"

"Kimelala, mjomba. Dirishani. Barabarani kabisa."

"Na wanaopita wanajua ni nini?"

"Hawajui."

"Basi wao wameona mti," akasema. "Wewe ndiye umekiona, na ndiyo maana hulali."

Nililia, ndugu zangu, ukumbini pale, watu wanapita na maturubai yao. Mjomba hakuninyamazisha. Kilio changu alikikatisha kwa kunipa kazi: nikikomboe kile cha kwanza kama bado kipo. Cha pili nikiteketeze, mbali na wanawake. Nyingine nisichonge. Na siku nikitaka kushika mti tena, nimwambie kwanza nachonga nini.

Nilikwenda dukani. Uso ule haukuwepo. Ulikuwa umeshauzwa, na mnunuzi amehamia jimbo jingine. Mwenye duka alisema hana anwani yake. Sijui kama alisema kweli. Mpaka leo sijui, na nimejizuia nisikae nikitunga jibu. Nilimwambia nyuso sita hazitakuwepo, na zile karatasi za mungu wa mavuno azitoe, nitamwandikia za kweli. Alikasirika. Alisema nimemharibia maonyesho. Tangu siku hiyo hanikaribishi kahawa. Nilipomweleza mjomba kwamba kimepotea, alisema wazee watafanya linalopasa kule kule, nami nisiulize zaidi. Sikuuliza. Hicho kimebaki kidonda, sitawadanganya kwamba kimefunga.

Cha pili kilinipeleka Germantown. Nilihitaji moto na uwanja wenye uzio, na niliyemjua mwenye uzio ni mmoja tu, yule niliyemwita mpelelezi. Nilimpigia nikiwa na maneno mengi ya kuomba radhi. Akanikatisha, akaniuliza nataka nichukuliwe saa ngapi. Kufika, nikamwomba pasiwe na mwanamke uani, naye akamwambia mkewe awapeleke watoto dukani kwanza. Akawasha lile jiko lake la kuchomea nyama uani. Akanitazama natoa kitu kwenye taulo, akageuza uso.

"Boss, hii ni nyama gani?"

"Si nyama."

"Sawa," akasema, akaongeza makaa. Tukasimama mpaka kikaisha. Hajaniuliza hadi leo.

Yule mama alimaliza wiki zake sita. Shangazi yake hakuwahi kusema ndiyo. Turubai ilitundikwa ukutani ikiwa na kona moja tupu, kitambaa kitupu, na watu wa Rockville wakawa wanasimama mbele yake wanauliza kama mchoraji aliishiwa rangi. Alisema, "Hapana. Hapo bado tunasubiri." Na alisema bila aibu yoyote. Siku anaondoka aliniambia nioge, nioe, na nipunguze kutazama watu.

Mimi nikampigia mjomba. Nikamwambia nina gogo, nataka kuchonga mti wa watu: bibi chini, watoto wake mabegani, wajukuu juu. Akauliza maswali mengi kuliko nilivyotarajia, hata bibi ameshika nini mkononi. Akakataa wazo langu la tezo, akasema ashike mchi. Nikashika patasi. Nikafika kwenye mdomo wa bibi, na mkono ukapita, kama zamani.

Sijapona kabisa. Bado nikikuta kitu kimesogezwa, moyo unaruka. Tofauti ni kwamba siku hizi nauliza kabla ya kuhukumu.

Namshukuru mwenzangu wa chumba, aliyeendelea kuniwekea sahani miezi yote ile nilipokuwa nikimwaga chakula chake. Sasa nakula, na amenona kwa furaha kuliko mimi. Namshukuru ndugu wa Germantown kwa makaa yake. Nawashukuru ninyi mlioniachia kiti wakati nilipokuwa nawaona wote ni maadui. Namshukuru yule mama, popote alipokaa sakafuni leo. Na mjomba wangu, aliyetembea kwenye matope mara mbili kuja kunisikia.

Nilichojifunza ni kidogo. Kazi niliyofundishwa nyumbani si yangu peke yangu, na nilipojifanya ni yangu peke yangu, nilibaki peke yangu nayo. Humu ndani kuna anayesuka ukili, kuna anayepiga ngoma za harusi, kuna anayechora hina kwa mtindo wa bibi yake, kuna dada anayepika dawa ya majani. Leo ukifika nyumbani, kabla hujaishika tena kazi hiyo, chukua kadi ya simu umpigie aliyekufundisha, umwambie unaifanyia nini huku. Kama ametangulia, mpigie anayemfuata. Akisema subiri, iache ile kona tupu usubiri.